Jinsi ya Kupiga Picha za Majimoto Wakiwa Kazini

Mtu anayetaka kujifunza kupiga picha za tabia za wadudu halazimiki kuanzia msituni. Mwembe au mkorosho wenye majimoto, wale chungu wanaoshona viota vya majani, unamtosha, na kwa maoni yangu hakuna darasa bora kuliko hilo katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa sababu majimoto hufanya kazi zao nje, mchana, mahali palepale, wakirudia tendo lilelile mara nyingi, na hawakimbii kamera. Kipepeo akishtuka huondoka. Majimoto akishtuka hukujia wewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumfuatilia mdudu huyu mmoja hadi upate picha zinazoonyesha anachofanya, anakifanya na nani, na kwa kutumia nini.

Anayezungumziwa ni Oecophylla longinoda, chungu wa rangi ya hudhurungi, mara nyingine yenye wekundu, ambaye urefu wake kwa kawaida haufiki sentimita moja na ambaye huishi juu ya miti katika Afrika ya kitropiki. Koloni moja huwa na malkia mmoja na wafanyakazi wanaoweza kufika laki kadhaa, waliogawanyika katika viota vingi juu ya mti mmoja au miti kadhaa iliyopakana. Wafanyakazi wakubwa ndio wanaoonekana nje wakiwinda, wakilinda na kujenga, ilhali wale wadogo hubaki zaidi ndani ya viota wakitunza mayai na mabuu.

Jifunze mfuatano wa kazi kabla ya kuwasha kamera

Kosa linaloharibu picha nyingi za wadudu halihusu vifaa. Mpigapicha hufika, huona purukushani, hubonyeza hovyo, kisha hurudi nyumbani na picha mia za migongo ya chungu. Dawa yake ni kukaa karibu na kiota bila kupiga chochote, ukitazama tu mpaka uweze kutabiri hatua inayofuata, na kwa majimoto utabiri huo unawezekana kwa sababu ujenzi wao una hatua zinazofuatana waziwazi.

Kwanza wafanyakazi hutawanyika juu ya majani, na kila mmoja hujaribu kuvuta ukingo wa jani kwa taya zake. Mahali ambapo jani limeanza kukunjika wenzao huongezeka, na pale ambapo hakuna mafanikio huachwa. Ikiwa pengo kati ya majani mawili ni kubwa kuliko urefu wa chungu mmoja, huunda mnyororo: wa kwanza hushika jani, wa pili humshika wa kwanza kiunoni, wa tatu humshika wa pili, na mnyororo huo huvuta mpaka kingo zikutane. Mara nyingi minyororo kadhaa huvuta kwa pamoja, bega kwa bega. Majani yakishakaribiana, wafanyakazi wengine hutoka kiota cha zamani wakiwa wamebeba mabuu waliokaribia kukomaa. Mfanyakazi huligusa jani kwa vipapasio vyake, kisha hukigusisha kichwa cha buu kwenye ukingo wa jani. Buu hutoa uzi wa hariri, naye mfanyakazi humpeleka kwenye jani la pili, humrudisha, humpeleka tena, kama mfumaji anavyopitisha uzi kati ya mitande, hadi utando mweupe uzibe pengo lote. Mabuu hao hutoa hariri yao yote kwa ajili ya kiota, na wanapogeuka kuwa bundo, hatua iliyo kati ya buu na chungu kamili, hukosa kifukofuko ambacho mabuu wa jamii nyingine nyingi za chungu hujisokotea.

Katika mfuatano huo zimo picha nne au tano ambazo hazifanani hata kidogo, na kila moja inataka umbali wake, upande wake na subira yake. Mnyororo hudumu muda mrefu karibu bila kusogea, kwa hiyo unafaa kuwa somo la kwanza. Buu kuguswa kwenye jani ni tendo la haraka, lakini hurudiwa mara nyingi mahali palepale, kwa hiyo asiyelipata sasa atalipata tena baada ya muda mfupi, mradi asiyumbeyumbe kutoka tawi moja kwenda jingine.

Kuchagua mti na saa

Tafuta mti ambao una kiota chenye majani yaliyokauka na kugeuka rangi ya kahawia, na karibu yake machipukizi mapya yenye majani laini. Majimoto huhama kiota majani yake yanapokauka, na kwa kuwa majani magumu hayakunjiki kwa urahisi, ujenzi mpya huelekea kwenye majani machanga. Baada ya mvua zinazoleta machipukizi, au baada ya upepo mkali uliochana viota, uwezekano wa kukuta ujenzi huongezeka sana. Mbali na miembe na mikorosho, angalia minazi, michungwa na mikarafuu.

Chagua kiota kilicho kati ya kiuno na macho yako. Kiota cha juu, hata kiwe kizuri namna gani, kitakulazimisha kupiga picha ukielekeza lenzi mbinguni, ambapo chungu watageuka vivuli vyeusi mbele ya anga jeupe, na ngazi chini ya mti wa majimoto ni wazo ambalo mtu hulijutia haraka.

Adui mkubwa wa pwani ni upepo. Katika miezi ya kusi tawi halitulii mchana kutwa, na kwa ukaribu tunaouzungumzia hapa mtikisiko wa milimita mbili unatosha kumtoa mdudu kwenye fokasi. Fika alfajiri kabla upepo haujapanda, tumia upande wa mti uliokingwa, na ikiwa unaweza kupanga safari, panga wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika. Usilishike tawi kwa mkono ili kulituliza. Sababu ya katazo hilo itajieleza yenyewe.

Miti hii kwa kawaida ni mali ya mtu. Piga hodi, eleza unachotaka, na umuulize mwenye shamba au wavunaji wake ni miti ipi yenye majimoto, kwa maana wao wanaijua miti hiyo kwa maumivu. Katika mashamba ya mikorosho uliza pia ni lini watapuliza salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga au dawa ya wadudu, kwa sababu siku hiyo si ya kupiga picha: vumbi la salfa huwasha macho, huingia kwenye kamera, na wadudu hawatakuwa katika hali yao ya kawaida. Ikiwa unakwenda ndani ya hifadhi kama Amani katika milima ya Usambara Mashariki, Jozani huko Unguja, au Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, pata kibali na uulize kwanza iwapo flashi na stendi ya kamera vinaruhusiwa.

Majimoto hana mwiba wa kudunga. Huuma kwa taya na kunyunyizia asidi ya fomiki, ambayo kwenye jeraha huwasha na kwenye jicho ni hatari. Vaa shati la mikono mirefu iliyobana kwenye vifundo, chomeka suruali ndani ya soksi, na vaa miwani hata kama huihitaji kwa kuonea. Weka kioo cha kukinga mbele ya lenzi, kwa kuwa watainyunyizia pia. Ikiwa unatumia stendi, paka duara la grisi kwenye kila mguu wake, vinginevyo watapanda na kukufikia kupitia kamera yenyewe.

Vifaa na vipimo

Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, yenye urefu wa fokasi wa milimita 90 hadi 105 ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa inakuwezesha kufika uwiano wa 1:1, yaani taswira ya mdudu kwenye kihisi cha kamera (sehemu ya ndani inayopokea picha) kuwa na ukubwa sawa na mdudu mwenyewe, huku kukiwa bado na nafasi ya zaidi ya sentimita kumi kati ya kioo na chungu. Lenzi ya makro ya milimita 50 au 60 itakusogeza karibu mno. Asiye na lenzi ya makro anaweza kutumia mirija ya kurefushia lenzi ya kawaida, au lenzi ndogo ya kukuza inayofungwa mbele ya lenzi aliyonayo. Ubora utapungua kidogo pembeni mwa picha, na kwa picha ya tabia si hasara kubwa.

Kinachowashangaza wengi ni udogo wa kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linaloonekana kali katika picha. Kwa kamera yenye kihisi kamili cha milimita 36 kwa 24, tundu la lenzi likiwa f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na uwiano ukiwa 1:1, sehemu iliyo kali ina kina cha milimita 1.3 hivi. Ukirudi nyuma hadi uwiano wa 1:2 kina hicho hufika karibu milimita 4, yaani mara tatu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa picha za tabia ni kutoikimbilia 1:1. Ukimkaribia mdudu mmoja mno, mwenzake anayemvuta, jani wanalolikunja na buu waliyembeba vyote hubaki nje au hugeuka ukungu, na tendo lenyewe hupotea. Anza na 1:3 au 1:2, kisha sogea zaidi kwa jambo dogo kama vile kichwa cha buu kikigusa jani.

Kulifunga tundu hadi f/22 si suluhisho. Kwa 1:1 kipimo halisi cha tundu huwa mara mbili ya kile kilichoandikwa kwenye lenzi, hivyo f/16 hufanya kazi kama f/32, na mwanga unaopinda kwenye kingo za tundu dogo hivyo hulainisha picha yote. Ufundi wenye faida kubwa zaidi ni wa mwili na haugharimu chochote: sogea mpaka kile unachotaka kiwe kikali kiwe sambamba na mgongo wa kamera. Mnyororo wa majimoto ukipigwa kwa ubavu, huku chungu wote wakiwa umbali mmoja kutoka kwenye lenzi, utaonekana mzima kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho hata kwa kina cha fokasi cha milimita mbili. Ukipigwa kwa mshazari utapata chungu mmoja na kundi la madoa.

Zima fokasi ya kujiendesha. Weka uwiano unaoutaka kwa mkono, kisha yumba taratibu mbele na nyuma huku ukipiga fremu tatu au nne kila jicho la chungu linapokuwa kali. Mkono wa kushoto ushike lenzi pamoja na fimbo iliyosimikwa ardhini. Fimbo ya kawaida hufanya kazi nzuri kuliko stendi ya miguu mitatu, kwa sababu mdudu akihama unahama naye.

Kuhusu mwanga, kivuli cha mwembe ni kizito kuliko kinavyoonekana kwa macho, na hapo flashi hukuokoa. Anzia f/11, kasi ya shata 1/200, ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) 200 na flashi kwa nguvu ya 1/16, kisha rekebisha kwa kutazama matokeo. Flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo, mmweko wake hudumu sehemu ya elfu kadhaa ya sekunde tu, na mmweko huo ndio unaogandisha mwendo wa chungu na mtikisiko wa tawi. Usipige kwa mwanga mtupu wa flashi: ngozi ya majimoto na jani la mwembe vyote vinang'aa, na utapata madoa meupe yasiyofutika. Kata kipande kipana cha dumu jeupe la plastiki, kikunje kiwe kama paa dogo juu ya ncha ya lenzi, na uelekeze flashi ndani yake. Kadiri plastiki hiyo inavyokuwa pana na kuwa karibu na mdudu, ndivyo mwanga unavyokuwa laini. Kama mandhari ya nyuma yamekuwa meusi kama usiku, panda hadi ISO 800 na upunguze flashi, au tafuta pembe ambayo nyuma ya mdudu kuna jani jingine lililo karibu.

Matendo ya kuvizia

Baada ya ujenzi, uwindaji ndio unaotoa picha zenye nguvu. Majimoto wakimkamata mdudu mkubwa, kila mmoja hushika mguu au kipapasio na kuvuta kuelekea upande wake, hadi windo linabaki limenyooshwa kama ngozi iliyowambwa, haliwezi kujitetea. Hapo lenzi inapaswa kuwa juu ya tukio, mgongo wa kamera ukiwa sambamba na jani, ili miguu yote iliyovutwa iwe mikali. Tendo hili hudumu muda wa kutosha kubadili pembe, kwa hiyo usiridhike na fremu ya kwanza. Angalia pia windo ni nani. Majimoto huwashambulia mbu wa mikorosho na mbu wa minazi, wadudu wafyonzaji wanaoharibu machipukizi na matunda machanga, na picha iliyo wazi ya tukio hilo ina thamani kwa mkulima kuliko maelezo marefu. Jina la kisayansi la mbu wa minazi, Pseudotheraptus wayi, linamkumbuka mtaalamu wa wadudu M. J. Way, ambaye mwaka 1954 alichapisha tafiti zake kuhusu majimoto wa Zanzibar.

Way huyohuyo alichunguza uhusiano wa majimoto na wadudu-gamba kwenye mikarafuu. Wadudu-gamba hufyonza utomvu na kutoa tone tamu, majimoto hulinywa, na kwa malipo hayo huwalinda. Tone hilo ndilo picha. Tafuta wadudu-gamba kwenye vijiti vichanga, lenga mmoja anayetembelewa mara kwa mara, weka fokasi juu yake kabla chungu hajafika, na usubiri. Kanuni ya kulenga mahali badala ya kumkimbiza mnyama ndiyo itakayokufaa kwa karibu kila mdudu.

Matendo mengine ni rahisi zaidi: kulishana mdomo kwa mdomo njiani, kubebana wakati wa kuhama, na ule mkao wa ulinzi ambapo chungu hupanua taya na kuinua tumbo juu ya mwili wake. Mkao huu wa mwisho unahitaji tahadhari. Ukiuona kwa chungu wengi kwa pamoja, maana yake wameshakugundua, na unachopiga sasa ni namna wanavyokuona wewe. Rudi hatua moja, pumua ukiwa umegeuza uso pembeni, na usubiri watulie.

Kwa sababu hiyohiyo usichane kiota ili uone wakikitengeneza. Jambo hili hufanywa mara nyingi na hata kufundishwa, lakini picha inayopatikana huwa ya taharuki, mabuu hubaki wazi mbele ya jua na maadui, na maelezo ya "majimoto wakijenga" yanakuwa nusu ya ukweli. Vivyo hivyo kwa wadudu wanaowekwa kwenye friji ili wapoe na kutulia: aliyepoozwa hana tabia ya kupigwa picha.

Hesabu miguu pia. Wako buibui warukaji wa jenasi Myrmarachne wanaofanana na chungu, na baadhi yao huishi karibu na majimoto. Ukiona "chungu" anayetembea peke yake, anayesita, na anayeinua miguu ya mbele kana kwamba ni vipapasio, acha kila kitu umfuate huyo.

Kwa wadudu wengine

Utaratibu ni uleule, na tofauti iko katika jambo la kulijua mapema. Kerengende wengi hurudi kwenye kijiti kilekile baada ya kila windo, kwa hiyo lenga kijiti. Adhuhuri baadhi yao huinua mkia wima kuelekea jua ili kupunguza joto, nao ni mkao unaostahili kusubiriwa. Kumbikumbi hutoka baada ya mvua, na watu wengi huwapiga picha wakiruka karibu na taa, ilhali kilicho adimu zaidi ni kile kinachofuata chini, ambapo hukata mabawa na dume humfuata jike hatua kwa hatua wakitafuta pa kuchimba. Kwa picha hiyo, lala kifudifudi. Mbawakawa anayeviringisha mavi husimama mara kwa mara, hupanda juu ya donge lake na kuzunguka kabla ya kuendelea. Wakati huo anasoma mwelekeo kutoka angani, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013 huko Afrika Kusini yalionyesha kwamba spishi moja ya usiku hutumia hata Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota. Usimzibie jua kwa kivuli chako, na usiku usimmulike kwa tochi kisha ukashangaa kwamba amepotea njia.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Kihisi kidogo cha simu kina kina cha fokasi kikubwa zaidi, na hivyo simu hupiga vizuri picha ambayo kamera kubwa huihangaikia: chungu mbele, kiota katikati, shamba nyuma. Bonyeza na ushikilie kioo ili kufunga fokasi na mwanga, kisha sogeza simu yenyewe. Video ya fremu 120 au 240 kwa sekunde hufaa kwa buu anayepelekwa huku na huku, lakini inataka mwanga wa jua moja kwa moja.

Kabla ya kuondoka shambani, piga fremu ya mti mzima, ya tawi, na ya jani upande wa juu na wa chini, kwa ajili ya utambuzi. Andika saa, aina ya mti, hali ya hewa, na kile ulichokiona kabla na baada ya fremu muhimu, kwa sababu saa iliyohifadhiwa ndani ya faili haitakuambia kwamba mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita. Ukizipandisha picha kwenye iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe, weka mfuatano wa tendo moja kama rekodi moja, ukianza na fremu inayomwonyesha mdudu mzima kwa ubavu, na katika maelezo utaje kama kuna chochote ulichokigusa, ulichokisogeza au ulichokimulika. Shamba likiwa la mtu binafsi, muulize kwanza kama mahali panaweza kuonyeshwa wazi kwenye ramani. Asipotaka, ficha alama hiyo kabla ya kuchapisha.